Ukurasa wa Ngojea

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na sasa anatafuna kila kitu, pamoja na kiatu cha mama. Mama mwenyewe anakusalimu na anasema wifi yake amekuwa mchoyo wa salamu siku hizi. Baba yuko vilevile.

Najua msimamo wako: barua pepe ni za kazini, ndugu huandikiwa kwa kalamu. Kwa hiyo nimenunua karatasi, ingawa leo jambo lenyewe ni la kazini.

Nimekabidhiwa Mwongozo wa Miito, wote. Ofisi imeamua Mhimili, ule mfumo wenu wa kuendeshea mashine, utolewe upya, na safari hii uwe na kitabu chake kamili, ili fundi yeyote anayeunganisha mashine ya wodini, au lifti, au pampu, ajue namna ya kukiagiza kiini cha mfumo: fungua faili, gawa kumbukumbu, anzisha, simamisha, ngojea. Miito yote ile mliyoiandika wewe na baba mkiwa wadogo kuliko mimi sasa. Nilipoambiwa nilitoka nje, nikasimama karibu na mapipa ya taka, nikacheka peke yangu. Mimi, mtoto mliyemwita Nukta kwa ufupi wake, ndiye nitakayeandika kitabu cha kazi yenu!

Sasa tatizo. Ndani ya programu moja huenda kazi kadhaa kwa pamoja. Kwenye lifti, moja inaangalia mlango, nyingine mota, nyingine vitufe. Kila moja ya hizo baba anaiita uzi. Wewe unaiita mkondo. Nusu ya kurasa ni zake na nusu ni zako, kwa hiyo fundi akisoma kitabu kizima anaamini ni vitu viwili tofauti. Wiki iliyopita mmoja aliandika kuuliza jinsi ya kugeuza uzi kuwa mkondo. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilikaribia kulia.

Mhariri mkuu ametoa muda hadi mwisho wa Julai. Waanzilishi wawili wakubaliane neno moja na watie sahihi. La sivyo ofisi itatumia faharasa ya kampuni ya nje, kurasa zitaandikwa upya na watu wasiomjua yeyote kati yenu, na majina yenu yataondolewa kwenye ukurasa wa kwanza. Hilo silitaki kabisa.

Shangazi, ungekubali uzi?

Mwanao,
Nukta

*

27 Februari

Nukta mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Meno mawili ni mwanzo mzuri, mpe kiatu cha babu yake nacho akitafune. Mwambie wifi yangu salamu zipo tele, ila yeye ndiye aliyehama mtaa bila kunitumia anwani, hadi nikaitafuta kwa watu.

Mimi bado niko ghorofa ya saba na sihami. Watu huniuliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini juu huko, na mimi siwaambii. Lifti ya jengo hili inaendeshwa na Mhimili. Kila asubuhi nikiwa ndani husikiliza mlango unavyosubiri mota isimame kabisa ndipo ufunguke, nami husema moyoni, huyo ni ngojea wangu. Majirani wanadhani nasali.

Kuhusu uzi: hapana.

Uzi ukiuweka mezani unakaa mezani. Kitu tunachokizungumzia hakikai, kinakwenda, kinapishana na wenzake, kinasimama, kinaendelea. Hicho ni mkondo. Huyo bwana unayekaa naye alichagua uzi kwa kuwa ni neno fupi na yeye ni mvivu wa kuchapa. Mimi nilikaa nikafikiri.

Ila kazi uliyopewa imenifurahisha kupita kiasi. Nimewaambia watu wote kwenye foleni ya duka la dawa kwamba mtoto niliyemfundisha kusoma anaandika mwongozo wa kiini. Hakuna aliyeelewa. Nikarudia, polepole.

Nitumie kurasa utakazoanza nazo. Nitazisahihisha bila huruma.

Shangazi yako

*

20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amecheka sana kuhusu anwani na anasema umeshinda raundi hii. Mtoto sasa ana meno matatu. Ukuta wa sebule umepakwa rangi upya, mama amechagua ya maziwa, baba anasema ni ya hospitali.

Barua yako ilipofika, baba aliiona mezani.

"Bahasha hiyo ya nani?"

"Ya shangazi."

"Aha," akasema, akatoka kwenda kumwagilia maua ambayo mama alikwisha kuyamwagilia asubuhi. Aliporudi nikamuuliza kama angekubali mkondo. Akavua miwani.

"Mkondo ni wa maji. Mimi sikuandika bomba."

Basi ndiyo hali yangu. Kazini naulizwa wazee wanasemaje, nami najibu mazungumzo yanaendelea. Sidanganyi sana, kwani mimi ndiye ninayezungumza na pande zote mbili.

Kuna jambo lingine. Nimechimbua nakala za zamani kabisa za kurasa zenu. Chini ya kila ukurasa pana mistari miwili: Ameandika, na Amejaribu. Mama amenieleza kwamba hiyo ilikuwa sheria yenu. Aliyeandika mwito haujaribu mwenyewe. Mwenziwe anauchukua, anautesa kwa kila ujanja anaoujua, na akishindwa kuuvunja ndipo anaandika "Hauna kosa" na kutia sahihi. Kurasa za mwanzo zina sahihi zenu mkipokezana, wewe juu yeye chini, yeye juu wewe chini. Nilikaa nazo mchana kutwa. Sijawahi kuona kazi safi namna ile, na nilijisikia fahari kuwa mtoto wa nyumba hii.

Halafu unakuja ukurasa wa ngojea. Ameandika: wewe. Amejaribu: hakuna mtu. Na kuanzia hapo hadi mwisho wa kitabu mstari wa pili ni mtupu, kwenye kurasa zako na zake. Tena kabla ya hapo na wewe uliandika uzi, Shangazi. Ni baadaye ulirudi nyuma ukabadilisha zote.

Kulikuwa na nini?

Mwanao,
Nukta

*

15 Aprili

Nukta,

Marahaba. Umeuliza kulikuwa na nini. Kulikuwa na mvua.

Rangi ya maziwa ni nzuri, wifi yangu asimsikilize mtu. Meno matatu ni mengi kuliko niliyotegemea. Mimi nimenunua kiti kipya cha kukalia dirishani na kimenivunja mgongo, nimekirudisha.

Nimesoma kurasa zako. Unaandika vizuri, na usivimbe kichwa, kwa sababu sijamaliza. Kwenye "fungua" umeandika kwamba kwa kawaida kiini hurudisha namba ya faili. Kwa kawaida? Kiini hakina kawaida. Ama kinarudisha ama hakirudishi, na kisiporudisha sema kinatoa nini badala yake. Kwenye "gawa" umetumia sentensi ndefu mno, fundi atakuwa amekwisha kuungua vidole kabla hajafika kwenye nukta. Muone kichwani mwako: yuko chini ya mashine, tochi mdomoni, ukurasa wako uko sakafuni. Huyo ndiye unayemwandikia, si mhariri wako.

Kuhusu nakala za zamani, huna haja ya kuchimbua. Kama bado una hamu, muulize huyo bwana ile picha iliyo ukutani juu ya redio ilipigwa siku gani, na nani hayumo.

Shangazi yako

*

9 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefuta kila "kwa kawaida". Zilikuwa nyingi hadi nikaona aibu. Fundi mwenye tochi mdomoni nimemchora kwenye karatasi nikambandika juu ya kompyuta yangu, na wenzangu wameanza kumuuliza maswali.

Niliuliza kuhusu picha. Baba aliitazama muda mrefu, kisha akasema chai imepoa, akaondoka nayo. Aliyenieleza ni mama, jikoni, tukimenya viazi.

Anasema ilikuwa siku Mhimili ulipowashwa kwa mara ya kwanza kwenye mashine za wodi mpya. Ukumbi ulijaa. Wewe ulikuwa safu ya tatu, umevaa gauni ambalo mama alikushonea kwa siku hiyo. Mgeni rasmi akasema sasa amuone aliyeutengeneza mfumo huu. Baba akasimama. Watu wakapiga makofi, mgeni akamshika mkono, picha ikapigwa. Mama anasema kila mtu aliyewajua alikuwa anasubiri ageuke akuonyeshe. Hakugeuka. Akarudi, akakaa. Kesho yake ulifika kazini kabla ya wote, ukahamishia meza yako ng'ambo ya korido, ukaanza kubadilisha neno, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyepaza sauti siku ile wala baada yake, na mama anasema ndiyo maana haikuisha.

Picha ile nimekua nikiionyesha kwa wageni. Nilikuwa nikisema, huyu ni baba yangu, ndiye aliyetengeneza. Nimekasirika, Shangazi, nakwambia waziwazi. Nimemkasirikia baba, na sijui la kufanya na hasira yenyewe kwa sababu ndiye huyohuyo anayembembeleza mwanangu hadi alale.

Asubuhi ya pili picha haikuwapo tena. Pamebaki alama ya mraba ukutani, rangi ya zamani. Mama hajatundika kitu kingine.

Sikuombi umsamehe. Hilo si langu kuomba. Naomba neno moja tu la kitabu.

Mwanao,
Nukta

*

18 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na roho yangu iko juu juu. Kama ni goti, sema. Kama nilivuka mpaka kwa kuandika yale, niambie nami nitaomba radhi kwa magoti yangu mawili.

Mhariri ameniwekea ile faharasa ya nje mezani. Humo, kitu mnachogombea kimepewa jina la maneno matano. Nimejaribu kulisema kwa sauti na pumzi imeniishia njiani. Amesema Agosti mosi wanaanza kuandika upya. Amelisema kwa upole, na ndivyo nilivyojua hatanii.

Baba amejifungia chumba cha nyuma. Akitoka kula anatoka na wino vidoleni. Anadai anapanga makaratasi yake ya zamani. Sijamuuliza zaidi.

Mtoto anasimama akishikilia meza. Nakungoja.

Mwanao,
Nukta

*

25 Juni

Nukta mwanangu,

Marahaba. Niko mzima, na hukuvuka mpaka wowote. Barua yako ya Mei niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Gauni lile bado ninalo. Mwambie wifi yangu halinitoshi, lakini ushonaji wake haujaachia hata sehemu moja.

Sasa kaa chini nikueleze kilichonipata, na ukicheka nitajua.

Lifti yetu imefungiwa kisanduku kipya cha umeme, na fundi amekuja kuipanga upya. Kijana mchangamfu, mikono myepesi. Siku ya majaribio nikaingia na mfuko wangu wa vitunguu, nikabonyeza saba. Kati ya ghorofa ya nne na ya tano lifti ikasimama. Haikulia, haikutikisika, taa ikabaki inawaka. Imesimama kama mtu aliyeitwa jina akageuka. Nikagonga mlango. Fundi akaja upande wa juu.

"Mama, usiogope! Haijaharibika. Inangoja tu."

"Inangoja nini?"

"Inangoja mkondo wa mota umalize, ndipo iendelee."

"Na anayengoja ni nani?"

Nikasikia anafunua karatasi. "Ni uzi wa mota, mama."

Nukta, niliuachia mfuko. Nikakaa sakafuni juu ya vitunguu. Mtoto wa watu alikuwa amesoma ukurasa wa huyo bwana unaosema uzi wa mota, akasoma na wangu unaosema mkondo wa mota, akaamini ni viwili, akaamua kimoja kimngoje mwenzake. Mota ilikuwa imeambiwa ijingoje. Ingengoja hadi nifie humo ndani, na isingekosea hata herufi moja ya nilichoandika.

"Kijana," nikamwambia, "uzi na mkondo ni kitu kilekile."

"Hapana, mama, kitabuni ni tofauti."

Alinisomea ukurasa wangu mwenyewe, kwa sauti, kupitia tundu la mlango. Mimi nimekwama, yeye ananifundisha ngojea! Nilimsikiliza hadi mwisho kwa sababu alisoma vizuri, kisha nikamwambia afute mstari upi. Akaufuta. Lifti ikapanda. Aliponiuliza nimejuaje, nikamwambia huwa nasoma sana.

Lakini nilipofika ndani sikupika. Nilikaa na ukurasa ule. Unasema uzi hungoja mwingine hadi umalize. Hausemi nini kitatokea uzi ukiambiwa ujingoje. Sikuwahi kulifikiria, kwani mtu mwenye akili timamu hawezi kuagiza hivyo. Dunia nzima kuna mtu mmoja tu ambaye angejaribu upuuzi wa aina hiyo asubuhi ya kwanza, kabla hata ya chai, naye ni huyo bwana. Utotoni alikuwa akijifungia kabatini ili aone kama kitasa kinafunguka kwa ndani. Angeukamata ule upungufu siku hiyohiyo. Mstari wa Amejaribu ulikuwa mtupu, nami nikakaa juu ya vitunguu.

Kwa hiyo ndiyo maana nimekuwa kimya. Furushi hili lina kurasa zangu zote. Nimezipitia moja moja kwa mkono wangu na kila penye mkondo nimeandika uzi. Ngojea nimeurekebisha: uzi ukiambiwa ujingoje, kiini kinakataa papo hapo na kurudisha kosa. Sahihi yangu ya makubaliano iko juu kabisa.

Sikumlegezea yeye kamba. Nimemlegezea yule fundi. Lakini ukurasa wa ngojea mpe aujaribu, kama bado anayaweza.

Shangazi yako

*

12 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka. Nisamehe. Hapo kwenye vitunguu nilishindwa kabisa.

Wewe ulisikia sauti tu kwenye simu. Acha nikueleze ulichokosa kuona.

Furushi lilifika Jumamosi mchana. Nilikuwa nalifungua mezani, mama amekaa na mtoto, baba akatokea chumba cha nyuma na jalada nene kifuani. Akaliweka mbele yangu kabla sijasema kitu.

"Mpe dada neno lake," akasema.

Nikafungua. Kurasa zake zote, Shangazi. Kila penye uzi amefuta akaandika mkondo. Uzi wa saa, mkondo wa saa. Nyuzi mbili, mikondo miwili. Na sahihi yake juu, imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Ndicho alichokuwa akikifanya tangu alama ile ibaki ukutani.

Nililifunga jalada. Nikamsogezea furushi lako. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akavaa miwani akaanza upya.

"Amefanya nini huyu?"

Mama ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alicheka hadi akanipa mtoto ili acheke vizuri. Miezi mitano ya barua, na tumerudi palepale: nusu ya kitabu uzi, nusu mkondo, ila sasa kila mmoja ameshika la mwenzake!

Ndipo baba alipochukua simu. Hakutafuta namba yako popote. Anaijua kwa kichwa, na sijui aliijuaje, maana uliibadilisha ulipohamia huko. Ulipopokea alisimama wima. Akasema, "Dada, shikamoo." Halafu mkaanza kugombana. Nilimsikia akipiga kelele kwamba mkondo ndilo neno sahihi, kwamba kitu kile kinakwenda, hakikai! Alitumia hoja zako zilezile za Februari, Shangazi. Nadhani barua zako zote amezisoma nikiwa kazini. Mama alimletea kiti, akakikataa. Alizungumza nawe amesimama hadi mwisho.

Alipokata simu aliniambia umesema yeye ni mkaidi tangu tumboni. Hajafurahi namna ile siku nyingi.

Kwa kuwa nyote wawili mmekataa kushinda, nimekata maneno mimi. Mwandishi ni mimi, na mnaweza kuninunia pamoja. Kazi inayokwenda ndani ya programu ni uzi. Ndivyo mafundi wengi wanavyosema wakiwa kazini, nimewauliza mmoja mmoja. Lakini taarifa zinapotiririka kutoka kifaa kimoja kwenda kingine bila kukatika, jambo hilo halikuwa na jina katika kitabu chote. Tulikuwa tunalizunguka. Sasa linaitwa mkondo, na limeenea pale kana kwamba ulilikusudia. Mhariri amesoma, ameirudisha faharasa ya watu wa nje, na majina yenu yanabaki ukurasa wa kwanza, kwenye mstari mmoja.

Na baba ameujaribu ngojea. Aliuambia uzi ujingoje, ukakataliwa. Akaziambia nyuzi mbili zingojeane, zikakataliwa. Akauambia ungoje uzi uliokwisha kufa, na uzi ambao haujaanza, na namba aliyoitunga tu. Akazima umeme katikati. Kila jioni anatoka amekunja uso, anasema, "Kesho nitaupata." Matokeo yake hajatuambia. Anasema hayo atamweleza aliyeuandika, si mpeleka barua.

Uzinduzi ni tarehe thelathini Agosti. Tumekuwekea kiti safu ya mbele. Baba hajasema chochote kuhusu kiti hicho, ila alikwenda ukumbini mwenyewe kukiangalia.

Mwanao,
Nukta

*

20 Septemba

Nukta mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama. Mwambie wifi yangu mzigo wa vyakula alioniandalia ulinitosha safari nzima, na abiria mwenzangu pia akala. Mjukuu wangu ameniachia alama za meno kwenye kidole na nawaonyesha majirani. Lifti inafanya kazi. Fundi wetu nimemletea nakala ya kitabu, akaona jina langu ukurasa wa kwanza, akaniangalia, akaona tena jina. Tangu siku hiyo ananiamkia kwa kuinama na mimi namwambia anyooke.

Mlinilaumu kwa kutokaa kiti cha mbele, na sikuwajibu kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa watu. Nilikaa safu ya tatu makusudi. Nilitaka kuona. Mshereheshaji alipomwita mtengenezaji aje mbele, nikainua shingo kama msichana, nikajikasirikia. Nikamuona mdogo wangu anasimama. Amezeeka, Nukta, mgongo wake sasa ni wa marehemu baba yetu. Mpiga picha akamsogelea, naye akamsukuma pembeni kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi. Akaipandisha miwani kwenye paji la uso, akaanza kutafuta, safu ya kwanza, ya pili.

"Ukurasa wa ngojea ameandika dada yangu," akasema. "Yule pale. Mimi kazi yangu ilikuwa kuujaribu, na niliuacha bila kuujaribu miaka mingi sana. Sasa nimeujaribu. Hauna kosa."

Akakaa. Watu hawakujua kama hotuba imekwisha. Ni mama yako aliyeanza kupiga makofi.

Nimewahi kusifiwa na wakubwa, na vyeti viko kwenye sanduku. Hakuna aliyewahi kunipa maneno yenye uzito huo, kwa sababu hakuna mwingine aliyetafuta kosa kama yeye. Nililia, na kama mama yako amewaambia ni mafua, mwacheni.

Kitabu nimekisoma njiani chote. Kuna koma moja ukurasa wa "simamisha" ningeiondoa. Kilichobaki sina la kugusa. Fundi mwenye tochi mdomoni ataelewa kila sentensi. Najivunia wewe, Nukta. Naliandika ili uwe nalo kwa maandishi, maana mdomo wangu unajua kusahihisha tu.

Sasa kazi. Kurasa zake nazo zina mistari mitupu, na sheria ni sheria. Nimeanza na ule wa kugawana kumbukumbu kati ya nyuzi, kwa kuwa ndio alioringia sana enzi zile. Nimeutesa wiki nzima, kwa nia mbaya kabisa. Nimeziingiza nyuzi kwa pamoja mahali pamoja, nimezinyang'anya kumbukumbu katikati ya kazi, nimefanya mambo ambayo mtu mstaarabu hayafanyi. Jana nilidhani nimempata, nikasimama hadi kiti kikaanguka. Nikaangalia tena, kumbe kosa lilikuwa langu.

Ukurasa uko ndani ya bahasha hii, nimetia sahihi chini. Mpelekee mdogo wangu. Hauna kosa.

Shangazi yako